Kula pemba, barafu na mchele mbichi: ni hamu, ni damu au ni ugonjwa wa ulaji?

#1 MamaNasra
Wakuu habari za jioni. Naomba uzi huu tuujadili kwa heshima, maana unamhusu mtu wa nyumbani kwetu.

Wifi yangu ana mimba ya miezi mitano. Pemba, ule udongo wa kutafuna, haimtoki mdomoni. Anaitia kwenye mkoba, nyingine anaificha chini ya godoro, na akiamka usiku lazima atafune kipande ndipo usingizi urudi. Juzi kaka yangu aliikuta, akaimwaga yote chooni na kumfokea mbele ya watoto. Wifi alilia mpaka nikaogopa. Mama yetu anasema tumwache, yeye mwenyewe alikula udongo kwenye mimba zake zote na sisi tupo.

Sasa nimesoma kwamba mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka 2013 unaiweka tabia ya kula visivyo chakula, wanayoiita pika, kwenye fungu moja na kujinyima kula na kula kupita kiasi. Yaani matatizo ya ulaji. Kwa hiyo wifi ni mgonjwa? Na kama ni mgonjwa, mbona pemba inapangwa mafungu sokoni na kuuzwa mchana kweupe? Wenye uelewa nawaomba.

#2 KijanaWaKirumba
Mimba tu hiyo dada. Huku Mwanza wajawazito wanaisaka pemba kila genge. Akijifungua itaisha yenyewe. Ila kaka yako kumwaga kakosea.

#3 Binti_Chumbageni
@KijanaWaKirumba itaisha kwa nani? Mwanangu yuko darasa la pili na mimi bado natafuna. Tena sikuanza na mimba, nilianza shule ya msingi, tulikuwa tunabandua ukuta wa darasa. Mvua ya kwanza ikilipiga vumbi, ile harufu inanijaza mate. Msiseme mimba tu.

#4 NesiMstaafu
Nimehudumia kliniki ya wajawazito miaka mingi. Mama ukimuuliza "unakula udongo?" anakataa, kwa sababu anajua atasemwa. Nikawa nauliza hivi: "Mama, siku hizi unapenda kutafuna nini?" Hapo anacheka na kutaja: pemba, udongo wa kichuguu, mkaa, majivu, mchele mbichi, barafu. Na wengi wao ukiwapima, damu iko chini.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mjamzito ana upungufu wa damu himoglobini yake (HB, kipimo cha wingi wa damu) ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, au 10.5 katika miezi mitatu ya kati ya mimba. @MamaNasra, kabla hatujafika kwenye akili, kadi yake ya kliniki inasemaje kuhusu HB?

#5 MamaNasra
Alipimwa mimba ikiwa changa, namba siikumbuki. Nitamuuliza taratibu. Asante nesi.

#6 MzeeWaMagadi
Mwili una akili kuliko sisi. Ng'ombe akikosa chumvi huenda mwenyewe kulamba magadi, hakuna aliyemfundisha. Mwanamke mwenye mimba anagawana damu na mtoto, akipungukiwa chuma mwili unampeleka kwenye udongo. Udongo ule ni chuma kitupu. Mnatafuta ugonjwa pasipo na ugonjwa.

#7 MaabaraDodoma
Shikamoo mzee. Hapo kwenye "chuma kitupu" naomba nipingane nawe. Chuma kimo, lakini sehemu kubwa iko katika hali ambayo utumbo hauwezi kuinyonya. Halafu udongo laini wa aina ya mfinyanzi una tabia ya kushika madini. Unaweza kukishika hata kile chuma cha maharage na mchicha alichokula mchana, ukatoka nacho haja kubwa.

Kwa hiyo inawezekana mambo yakawa kinyume na unavyosema: pemba ilitangulia, damu ikapungua baadaye. Sisi maabara tunaviona viwili hivi vikija pamoja. Kipi kilitangulia, kipimo cha damu hakisemi.

#8 MzeeWaMagadi
Marahaba mwanangu. Nimekusikia, lakini hujanijibu hamu yenyewe inatoka wapi. Pemba ikitangulia, nani aliyemwambia aitamani?

#9 MwanaKilifi
Hamjambo watani wa kusini. Jambo hili lilichunguzwa hapa kwetu Kilifi miaka ya 1990. Katika wajawazito 275, asilimia 56 walisema wanakula udongo mara kwa mara, na waliokula walikuwa na damu kidogo na akiba ndogo ya chuma kuliko wasiokula. Kundi jingine dogo lilipohojiwa kwa kina, wastani ulikuwa zaidi ya gramu 40 kwa siku kwa mtu mmoja, na udongo uliopendwa kuliko wote ulikuwa wa kubandua ukutani. Kama ule wa dada @Binti_Chumbageni.

Nyanya yangu hakuhitaji utafiti. Akimwona mtu uso umepauka, miguu imevimba, anahema kwa hatua chache na anatamani udongo, alisema ana safura. Kwake hamu na damu ni ugonjwa mmoja. Hakuwa na habari ya kipi kilitangulia.

#10 Binti_Chumbageni
Watani wa kusini! Sisi Tanga na nyinyi ni pua na mdomo, acha maneno yako. Ila ukuta huo naufahamu.

#11 MsomajiWaKale
Nikiongezea @MwanaKilifi: safura imo hata kwenye shajara za mwisho za David Livingstone, aliyefariki 1873. Aliitaja kwa jina hilohilo kuwa ni ugonjwa wa kula udongo wa Zanzibar. Akaandika kwamba unawapata sana watumwa lakini si wao peke yao, maana hata matajiri wenye chakula tele wanaupata. Na akakanusha maneno ya watu waliodai watumwa wanakula udongo ili wajiue.

Ng'ambo ya Atlantiki, kwenye mashamba ya miwa ya Karibi, wenye watumwa waliyaamini maneno hayohayo. Waliwafunga waliokula udongo barakoa za bati usoni ili wasiweze kutia kitu mdomoni. Nayaandika haya kwa ajili ya kaka wa @MamaNasra. Kumfokea na kumnyang'anya mtu udongo kulishajaribiwa kwa ukatili mkubwa kuliko wake na hakukumponya hata mmoja.

#12 KijanaWaKirumba
Duh. Barakoa ya bati na jua lile. Kwa hiyo kama tajiri aliyeshiba naye alikula, habari ya njaa tuifute?

#13 MsomajiWaKale
Kama sababu kuu, ndiyo. Sera Young, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi Kisiwani Pemba juu ya jambo hili, pamoja na wenzake walikusanya taarifa zaidi ya 400 za tamaduni mbalimbali na kuchapisha uchambuzi wao 2011. Njaa ndiyo iliyokuwa na ushahidi dhaifu. Mtu mwenye njaa anakula kingi cha chochote. Mla udongo anachagua, huu anautaka na ule hautaki.

#14 FundiTabata
Wakuu, mimi ni mwanaume na niliingia kwenye mambo haya bila mimba wala udongo. Mimi ni barafu.

Nilikuwa nanunua barafu za vifuko kwa jirani, zile za watoto ambazo hazina hata rangi. Nikawa nazigandisha mwenyewe. Kwenye daladala natafuna, site natafuna, mpaka jino moja la nyuma likapasuka. Mke wangu alidhani nimeanza dawa za kulevya, kwa sababu nikikosa nakuwa mkali. Sikumwambia mtu kwa muda mrefu, ningesema nini? Ninaumwa barafu?

Nikaja kuishiwa nguvu kazini. Kupimwa, damu imeshuka vibaya, na chanzo ni vidonda vya tumbo vilivyokuwa vinavuja damu kidogo kidogo. Nikatibiwa vidonda na kupewa vidonge vya madini chuma. Kilichonishangaza ni kwamba hamu ya barafu iliondoka kabla sijarudiwa na nguvu. Siku moja nikafungua friji, nikaziona, sikuzitaka.

Kwa hiyo @MamaNasra mpime damu. Na wanaume mnaotafuna barafu msijione mko salama. Mwanaume hana hedhi wala mimba, damu yake ikipungua ujue kuna mahali inakwenda.

#15 NesiMstaafu
Fundi, asante sana kwa kulisema hili hadharani. Hilo la hamu kuondoka mapema hata wauguzi wengi hawalifahamu, na linajulikana kitabibu.

#16 MaabaraDodoma
@MzeeWaMagadi tazama kisa cha Fundi kwa makini. Barafu ni maji. Haina chuma hata chembe. Kama mwili "unajua unachokosa" na kukifuata, kwa nini mwenye upungufu wa chuma akimbilie maji yaliyoganda?

Kuna jaribio lililochapishwa Marekani 2014: wenye upungufu wa damu walipewa mtihani wa umakini. Waliotafuna barafu kwanza walifanya vizuri kuliko waliokunywa maji ya uvuguvugu, na kwa wasio na upungufu barafu haikuleta tofauti. Huenda ubaridi ule unamwamsha mtu ambaye ubongo wake umechoka kwa kukosa damu ya kutosha. Lakini hayo yanaeleza barafu. Pemba ni kavu na haina ubaridi.

#17 MzeeWaMagadi
Basi ni magonjwa mawili tofauti na nyinyi mmeyatia kapu moja. Msitumie barafu kuniangushia hoja ya udongo.

#18 MtotoWaJozani
Ngojeni niwaletee mnyama mwingine badala ya ng'ombe. Kwetu Unguja kuna kima punju. Wale wanaokaa karibu na mashamba wanakula mkaa kwenye matanuri ya wachoma mkaa, watafiti wameshawaandika tangu miaka ya 1990. Na wanaokula si wenye mimba tu. Wanakula sana majani ya mikungu na miembe, na majani hayo yana kemikali zinazosumbua usagaji wa chakula. Mkaa unazinasa.

Sasa mfikirie mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza. Kichefuchefu, kinga ya mwili imeshuka, mtoto tumboni ndiyo anaumbika. Udongo laini unautandaza utumbo na kunasa sumu na vijidudu. Kaolini, yaani udongo mweupe laini wa namna hiyo, iliwekwa kwenye dawa za kuharisha za dukani miaka mingi. Na ule uchambuzi alioutaja @MsomajiWaKale uliegemea upande huu wa kinga kuliko wa chuma.

#19 Binti_Chumbageni
Maelezo mazuri ila mimi hayanikai. Sina mimba, sina kichefuchefu, siharishi. Tumbo langu likilindwa kila siku miaka yote hii linalindwa na nini?

#20 MtotoWaJozani
Dada, huenda kwako kilichoanza kama kinga utotoni kimebaki mazoea. Watoto nao ni kundi linalokula sana udongo, na matumbo yao bado machanga.

#21 Binti_Chumbageni
"Huenda" zimekuwa nyingi kaka. Lakini nashukuru hujaniita mchafu.

#22 MamaMafungu
Mimi nauza pemba, nimesoma uzi wote nikaona niseme. Hatuokoti jalalani. Inachimbwa, inapondwa, inachekechwa, inafinyangwa na kukaushwa, nyingine inachomwa motoni. Wateja wangu si wajawazito tu, wapo wanafunzi, wapo akina mama watu wazima, na wanaume wanawatuma watoto. Wapo wanaonunua huku wanaangalia nyuma. Ikiwa ina madhara semeni yapi ili na mimi nijue. Msiishie kusema ni uchafu.

#23 MtanzaniaEastHam
Mama, swali lako ni la haki. Huku Uingereza udongo wa namna hii unauzwa kwenye maduka ya Waafrika na Waasia. Mamlaka ya viwango vya chakula ilishatoa tahadhari kwa wajawazito wasiutumie, kwa sababu sampuli zilikutwa na madini ya risasi na aseniki. Risasi inapita kwa mama ikamfikia mtoto na kumharibia ukuaji wa ubongo. Huioni, huionji, hainuki.

#24 KijanaWaKirumba
Na huku kwetu kanda ya ziwa? Maana Geita kuna migodi kila upande.

#25 MaabaraDodoma
Geita ilichunguzwa. Utafiti uliochapishwa 2014 uliwaangalia wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu na udongo wanaokula, na ukakuta aseniki na risasi miongoni mwa madini yaliyomo.

@MamaMafungu, kuchoma kunasaidia kwenye mayai ya minyoo. Risasi haiondoki kwa moto. Kwa hiyo jambo kubwa kwako ni kujua udongo umechimbwa wapi, na mchimbaji asiyetaka kukwambia usichukue kwake.

#26 MamaMafungu
Hapo nimekuelewa. Nitawauliza wanaoniletea.

#27 KijanaWaKirumba
Minyoo ndiyo inayoleta safura basi. Unakula udongo, unapata minyoo ya safura, inakunyonya damu. Kesi imeisha.

#28 NesiMstaafu
Haijaisha mwanangu. Minyoo ya safura kwa kawaida inaingia kupitia ngozi, hasa nyayo za anayekanyaga peku udongo wenye viluwiluwi vyake. Kwa kula udongo mtu anapata zaidi minyoo mikubwa ya mviringo na ile ya mjeledi, na magharibi mwa Kenya utafiti ulionyesha wanawake walioendelea kula udongo baada ya kupewa dawa walirudiwa na minyoo upesi zaidi. Inawezekana mtu akawa na safura kwa sababu ya miguu, damu ikapungua, ndipo akatamani udongo. Hapo mambo yamegeuka tena.

Na viatu ni dawa, tusivisahau.

#29 Jirani_wa_Goma
Jambo kwenu wote. Kwetu Kongo iko vilevile. Kinshasa wanaita mabele, iko sokoni kila fasi, hata Wakongo wa Ubelgiji wanatumiwa. Wanawake wanakula bila kujificha na bwana hawezi kusema kitu. Mimi nauliza: kama kila mtu anakula na hakuna anayeshangaa, mnaita ugonjwa kwa sababu gani?

#30 TibaYaNafsi
Swali la jirani ndilo la mleta uzi, na mpaka sasa limezungukwa. Ninafanya kazi ya ushauri nasaha, nijaribu.

Mwongozo ule wa 2013 una masharti. Mtu awe anakula kisicho chakula kwa mwezi mmoja au zaidi. Kisilingane na hatua yake ya ukuaji, na kwa kawaida hawahesabu mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu umri huo kila kitu kinaingia mdomoni. Na sharti la tatu: isiwe desturi inayokubalika kwenye jamii yake. Kwa sharti hilo, mwanamke wa Kinshasa anayetafuna mabele kwa kiasi na wenzake hana pika. Wifi wa @MamaNasra je? Jamii inamuuzia, mume anamfokea, mama mkwe anamtetea. Nani hapo ndiye jamii?

Mimi naangalia mambo mengine. Anaficha? Akikosa anashindwa kufanya kazi? Anaacha chakula ili apate nafasi ya udongo? Amejaribu kuacha akashindwa? Mtu mwenye majibu ya ndiyo anateseka, na mateso yake yanastahili msaada hata kama mtaa mzima unakula.

#31 MzeeWaMagadi
Sasa tumeingia kwenye uraibu. Kesho mtasema anayekunywa chai asubuhi na jioni ni mgonjwa.

#32 TibaYaNafsi
Mzee wangu, chai akinyang'anywa hatalia usiku kucha.

#33 KijanaWaKirumba
Hujaishi na shabiki wa Yanga aliyefungwa halafu akakosa chai.

#34 FundiTabata
Mpira peleka jukwaa lake mkuu, hapa watu wanaeleza maisha yao.

#35 Mchele_Usiku
Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni mchele mbichi. Huwa napima mchele wa familia, kisha napima wangu. Nikiwa napeta ungo mikono inatetemeka. Nimepima damu, iko sawa. Nimepima na feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, iko sawa. Daktari akaniambia "acha tu". Ningeweza kuacha tu ningeenda kwake?

Ilianza mwaka niliofiwa na mama. Sijui kama yanahusiana lakini nikiwa na mawazo inazidi, nikiwa na furaha nasahau kabisa. Nimesoma madini chuma, kinga, minyoo, yote hayanihusu. Nilitaka tu na sisi wa mchele tuhesabiwe.

#36 TibaYaNafsi
Dada, karibu na pole kwa msiba. Umehesabiwa. Damu ikiwa sawa na hamu ikawa inafuata huzuni na wasiwasi, kuna msaada wa mazungumzo unaofanya kazi hatua kwa hatua. Kwanza unaandika ni saa ngapi na ulikuwa unahisi nini, kisha unatafuta cha kuweka mdomoni badala yake chenye ukavu na mlio unaofanana, na pembeni unashughulikia huzuni yenyewe. Hospitali kubwa zenye kitengo cha afya ya akili zinatoa huduma hiyo. Ukiambiwa "acha tu" kwa mara ya pili, badilisha mtoa huduma.

#37 Binti_Chumbageni
Mchele_Usiku, shoga yangu, mimi mlio wa kuvunjika ndio ninaoutaka kuliko ladha. Umenifumbua macho hapo kwenye mawazo. Nitajitazama.

#38 BabaImani
Naomba niingize jambo gumu kidogo. Mwanangu ana miaka saba na ana usonji. Anakula sifongo la godoro. Anachimba tundu na kunyofoa vipande, na sabuni pia. Majirani wanasema ana mashetani, wengine wanasema tunamnyima chakula. Anakula vizuri tu mezani.

#39 NesiMstaafu
Baba Imani, pole. Kwa watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili pika ni jambo la kawaida kuliko kwa watoto wengine, haitokani na malezi yenu wala mashetani. Pia inaonekana kwa watoto wenye selimundu, kwa hiyo mzazi yeyote anayesoma hapa akiona mtoto mwenye selimundu anakula vitu vya ajabu amwambie daktari wake.

Godoro livikeni mfuko mgumu wenye zipu, sabuni iwekwe juu. Mpimeni damu na risasi kama kipimo kipo. Akipata maumivu ya tumbo, akitapika mfululizo, akikosa choo, au akimeza betri ile ndogo ya saa au sumaku, msisubiri asubuhi.

#40 BabaImani
Asante. Mfuko wa zipu hatukuwahi kuufikiria. Usiku wa leo nitalala chumbani kwake.

#41 MkeWaMwalimu
Na mimi nina swali linalokaribiana. Wangu hali visivyo chakula, ila hali chakula. Ana miaka tisa, anakula chapati, chai na ndizi mbivu, basi. Wali ukigusa mchuzi analia. Tulimwita mdekezwa, tukamchapa, tukamlaza na njaa. Hajabadilika na amekonda.

#42 TibaYaNafsi
Hilo nalo lina jina kwenye mwongozo uleule wa 2013, na Shirika la Afya Duniani limeliingiza kwenye orodha yake iliyoanza kutumika 2022: tatizo la kukwepa na kubagua chakula. Halihusiani na kutaka wembamba. Mtoto anazidiwa na mguso, harufu au rangi, au aliwahi kupaliwa akabaki na hofu. Viboko vinaongeza hofu ya mezani. Mkianza, anzeni na kitu kilicho jirani na anachokula: chapati ya unga mwingine, kisha chapati yenye karoti iliyokunwa ndani. Na uzito wake uchukuliwe kliniki, kwa sababu kukonda ndiko kunakofanya jambo hili liwe la hospitali.

#43 MwanaKilifi
Halafu kuna wanaocheua. Binamu yangu akimaliza kula, chakula kinarudi mdomoni, anakitafuna tena na kumeza, bila kichefuchefu. Tulimcheka utotoni. Je, iko humo?

#44 TibaYaNafsi
Imo, ina jina lake kabisa. Mara nyingi inadhaniwa ni asidi ya tumbo na mtu anakula dawa za asidi miaka bila nafuu. Mazoezi ya kupumua kwa tumbo baada ya mlo yanasaidia wengi. Ila ile ikitaka uzi wake tuufungue, huu ni wa pemba.

#45 MamaNasra
Nimerudi. Wifi amekubali kwenda, tumekwenda wote. HB 8.9. Amepewa vidonge vya damu na dawa ya minyoo, wakamwambia vidonge ameze na kitu chenye uchachu kama chungwa, asivimeze na chai wala karibu na pemba. Pemba bado anakula, lakini ameshusha na anakula mbele yangu. Kaka nimemsomesha #11 na #14. Hajasema neno, ila asubuhi alimnunulia machungwa.

#46 MzeeWaMagadi
8.9! Si nilisema? Mwili ulikuwa unatafuta chuma.

#47 MaabaraDodoma
Mzee, 8.9 inaniunga mkono mimi vilevile. Miezi yote hii ya pemba imemnyang'anya chuma.

#48 MtotoWaJozani
Na mimi namuuliza @MamaNasra: alianza kula lini, kabla ya kichefuchefu au baada?

#49 MamaNasra
Anasema zilianza pamoja, mwezi wa pili. Lakini alipokuwa msichana alikuwa anakula chaki.

#50 MsomajiWaKale
Hapo kila mmoja amepata chake.

#51 Mpita_Mtaa
Samahani nimechelewa, nimesoma yote. Mdogo wangu anatafuna njiti za kiberiti, boksi zima kwa siku. Hiyo nayo ni damu?

#52 NesiMstaafu
Anatafuna vichwa au vijiti vyenyewe? Na amekwisha kuziwasha au mbichi? Njoo na majibu hayo, umri wake, na kama ni mwanamke useme kama ana mimba au hedhi nzito. Kwa sasa zifiche zenye vichwa.